Majina Mawili ya Kijana Mmoja

Jumamosi ya kwanza ya darasa la kipaimara, la vijana waliobatizwa wanaojiandaa kuithibitisha imani yao mbele ya Askofu, huanza na daftari la mahudhurio. Ninalizungusha chumbani, kila kijana anaandika jina lake na tarehe ya kubatizwa kwake, na kwa miaka mingi niliiona kazi hiyo kuwa ya uandishi tu, isiyo na somo ndani yake. Mwaka juzi kijana mmoja wa miaka 15, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, aliishika kalamu kwa muda mrefu hata wenzake wakaanza kumhimiza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, niandike jina lipi, la skuli au la kanisani?"

Alikuwa nayo mawili. Kanisani anaitwa kwa jina la mmoja wa mitume, alilopewa akiwa mchanga mikononi mwa baba yake wa ubatizo. Skuli na uwanjani anaitwa kwa jina jengine, walilompachika wenzake wa mpira, jina ambalo nusu ya watoto wa mtaa wanalo na ambalo halimwambii mtu yeyote yeye ni wa dini gani. Mama yake ndiye aliyemshauri aliache liendelee walipohamia mtaa mpya, kwa kutaka mtoto akae kwa amani. Nilimjibu aandike la ubatizo, kwa kuwa ndilo litakalopelekwa kwa Askofu. Akaandika, na daftari likapita kwa mwengine. Usiku ule sikupata usingizi mapema. Kijana alikuwa ameniuliza, siku ya kwanza kabisa, swali ambalo darasa zima lipo kwa ajili yake, nami nilimjibu kama karani.

Asiyeishi hapa Unguja pengine hataona uzito wa swali lile. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na walio wengi mno ni Waislamu. Sisi Wakristo ni wachache, na hata huo uchache wetu hauna asili moja: wamo wazee ambao mababu zao walikombolewa utumwani na kulelewa na misheni, wamo wenye asili ya Goa, wamo watoto wa askari, walimu, wafanyakazi wa hoteli na wachuuzi waliovuka bahari kutoka bara. Mtoto wa Kikristo anayekulia katikati ya hali hii hujulikana kwanza kwa yale asiyoyafanya. Hafungi Ramadhani. Haendi chuoni jioni wenzake wanapokwenda kusoma Kurani. Ijumaa adhuhuri mtaa unapohamia msikitini, yeye hubaki barazani. Na akisema yeye ni Mkristo, swali linalofuata mara nyingi si la imani hata kidogo, ni la asili: "Kwani kwenu wapi?" Wapo vijana waliozaliwa hapa, ambao wazazi wao walizaliwa hapa, na ambao Kiunguja chao kimenyooka kuliko changu, lakini bado hulazimika kulijibu swali hilo kila mwaka kwa mwalimu mpya.

Siyasemi haya kuwalaumu majirani zetu. Nimekulia katika nyumba ambayo magharibi ya mwezi wa Ramadhani ilikuwa ikiletewa sahani ya futari kutoka nyumba tatu, na Krismasi mama yangu alikuwa akizirudisha sahani zile zile zikiwa na pilau. Jirani aliyenifundisha kushona alikuwa akinikumbusha Jumapili asubuhi kwamba nimechelewa kanisani. Ninalolisema ni kwamba wema wa jirani haumpi kijana jibu la swali lake. Unampa utulivu wa kulitafuta, na hiyo ni neema, ila kulitafuta kwenyewe kunambakia yeye pamoja na sisi tuliokabidhiwa malezi yake.

Nasi, kwa bahati mbaya, tumezoea kumkabidhi jibu lililokwisha kupikwa. Ninamkumbuka binti mmoja niliyemfundisha zamani, mwepesi wa kuhifadhi kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alizijua Amri Kumi, Kanuni ya Imani, sakramenti na maana zake, na kila swali katika kijitabu chetu cha maswali na majibu alilijibu neno kwa neno bila ya kukwama. Nilijivunia sana mbele ya Padre. Alipaimarishwa akiwa amevaa gauni jeupe alilolishona shangazi yake, akapiga picha na wazazi, na baada ya Jumapili mbili sikumwona tena. Nilipokutana naye sokoni Darajani miaka kadhaa baadaye aliniamkia kwa heshima, tukazungumza, nikamuuliza kwa nini aliondoka. Akasema hakuondoka kwa hasira yoyote. "Nilidhani nimeshamaliza, Mwalimu." Maneno yale yameniumiza hadi leo, kwa sababu alikuwa anasema kweli: mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba imani ni kitu kinachohifadhiwa, kinachosikilizwa na wakubwa, kisha kinakwisha.

Wataalamu wa nafsi wameiandika hali hii kwa namna inayonisaidia. Erik Erikson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, alieleza kwamba kazi kubwa ya umri wa ujana ni kulitafutia jibu swali la "mimi ni nani". Swali hilo alilijua kwa maisha yake mwenyewe: alilelewa Ujerumani katika nyumba ya Kiyahudi, sinagogi wenzake wakimcheka kwa sura yake ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, na skuli wakimcheka kwa Uyahudi wake, na alipokuwa raia wa Marekani alijichagulia hata jina jipya la ukoo. James Marcia alilichukua wazo hilo mwaka 1966 akaonyesha kwamba vijana hawasimami mahali pamoja. Wapo waliotafuta wakafikia msimamo, wapo wanaoendelea kutafuta, wapo wasiotafuta wala wasioshika lolote, na wapo walioshika msimamo wa wazazi bila ya kuutafuta kabisa. Binti yangu wa gauni jeupe alikuwa katika kundi hili la mwisho, nami nilimhesabu kuwa ndiye aliyefanikiwa kuliko wote.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi kwenye sura ya nane ya Injili ya Marko kuliko sehemu yoyote nyengine ya Maandiko. Bwana Yesu anawauliza wanafunzi wake maswali mawili, na mpangilio wake una hekima kubwa kwa mwalimu wa vijana. Kwanza anauliza watu wanasema yeye ni nani. Wanamjibu, na hawakemei kwa majibu ya kuokota: Yohana Mbatizaji, Eliya, mmoja wa manabii. Kisha anageuza: na nyinyi je? Kwa miaka mingi sikuangalia mahali walipokuwa. Walikuwa kando ya vijiji vya Kaisaria ya Filipi, kaskazini kabisa, mji wenye mahekalu ya ibada nyengine, mbali na Yerusalemu na hekalu lake. Swali la kumkiri Kristo liliulizwa kwanza njiani, katikati ya watu wanaoabudu kwa namna nyengine. Nilipowasomea vijana jambo hili, yule kijana wa majina mawili aliinua kichwa na kusema, "Kama hapa." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, kama hapa.

Siku hizi sehemu ya kwanza ya mafundisho yangu ni ya kutembea. Tunakwenda Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo, ambalo wengi wao wamelipita mara mia bila ya kulitazama, kwa vile wamezoea kuliona kama mahali pa watalii. Ninawasimamisha mbele ya altare, mahali ambapo duara la marumaru nyeupe limezungukwa na nyekundu, na ninawaeleza kwamba kwa mapokeo hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na kwamba nyekundu ile ni kumbukumbu ya damu. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa juu ya uwanja wake. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Nje, ndani ya shimo, yamo masanamu ya watumwa yaliyowekwa mwaka 1998 na msanii Clara Sörnäs, na minyororo inayowafunga shingoni ni minyororo ya kweli ya zamani hizo. Hapo huwa sisemi neno. Ninawaacha wayatazame kwa dakika kumi hivi, na mara zote yupo anayeinama kutazama pete ya chuma ilivyopita shingoni na namna mnyororo unavyoshuka kwa mwenzake wa pili, kisha anaikaza macho sura ya sanamu lile kana kwamba anatafuta mtu anayemjua.

Baada ya hapo tunakwenda Mbweni, kwenye magofu ya skuli ya wasichana waliokombolewa na kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana ambalo bado linasaliwa. Tunakaa chini ya mti, tunakula maandazi tuliyoyafunga, na ninawasomea majina. Misheni ya vyuo vikuu vya Kiingereza ilipofika Unguja mwaka 1864 na Askofu Tozer, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa kutoka jahazi la watumwa. Miongoni mwa vijana wa mwanzo wa misheni ile walikuwamo John Swedi, George Farajallah na Francis Mabruki. John Swedi akawa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyekombolewa, mtu wa Wayao aliyesomeshwa Kiungani, skuli ya misheni hapa Unguja, akapewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kuupata, naye alihubiri kwa Wayao wenzake upande wa kusini.

Ninawaomba vijana wayasikilize majina hayo polepole, kila moja na nusu zake mbili. Upande mmoja kuna jina la Kizungu lililokuja na ubatizo, na upande wa pili kuna Swedi, Farajallah, Mabruki, Majaliwa, majina ambayo yangeitwa leo katika mtaa wowote wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, bila ya mtu kugeuza shingo. Hakuna aliyeitupa nusu moja ili aishike nyengine. Kwa kijana ambaye kila siku huambiwa kwamba Ukristo wake ni ushahidi kuwa si wa hapa, kuyasikia majina hayo katika ardhi yenyewe ni jambo kubwa, na nimewaona wakiyaandika kwenye viganja vya mikono.

Ni pale Mbweni ambapo kijana wangu aliuliza swali la pili ambalo sikulitarajia. "Na mama yake Swedi, yeye alimwitaje?" Swali lile lilitunyamazisha sote. Majina yote mawili alipewa na watu wengine, baada ya kunyang'anywa kwao. Kabla ya mfanyabiashara, kabla ya Sultani, kabla ya Askofu, palikuwa na mwanamke mahali fulani aliyemwita mwanawe kwa jina, na jina lile halimo katika daftari lolote. Msichana mmoja aliyekuwa kimya siku nzima akasema kwamba Mungu analijua. Nikawafungulia Isaya 43, mahali Mungu anaposema "nimekuita kwa jina lako", na sikuongeza maelezo, kwa sababu msichana yule alikwisha kuyatoa.

Jambo jengine ninalolipenda kulieleza tukiwa njiani kurudi ni la lugha. Steere alitumia miaka mingi kukisikiliza Kiunguja cha watu wa mji huu na kuyafasiri Maandiko kwa lugha hiyo, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lugha ya barazani petu ikawa lugha ya mamilioni. Tunaposema imani, sala, dhambi, toba, rehema, malaika, tunatumia maneno yale yale anayoyatumia jirani yetu anapotoka msikitini, na maana zake si sawa kila mahali, ila sauti zake tumezirithi pamoja. Kijana anayeogopa kwamba kumwomba Kristo ni kuwa mgeni hujikuta anamwomba kwa lahaja ya bibi yake.

Historia peke yake, hata hivyo, humpa kijana mahali pa kusimama tu, na mtu anaweza kusimama mahali pazuri akiwa mtupu ndani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miezi inayofuata ni ya kukaa kimya na kuandika. Kila kijana hupewa daftari dogo la kurasa 40 ambalo mimi sitalisoma, wala Padre, wala mama yake. Nimelazimika kuwaapia wazazi kwamba nami silisomi, kwa kuwa baadhi yao walidhani nitawapelekea habari. Nusu saa ya mwisho ya darasa tunazima feni, maana ina kelele, tunafungua madirisha, na kila mmoja anaandika juu ya swali moja tu. Ni lini mara ya mwisho nilisali bila ya kuambiwa? Nikiwa peke yangu usiku, ninamwogopa Mungu au ninamtamani? Ni mtu gani ambaye nikimtazama, ninaamini? Majuma ya mwanzo wanachora maua na majina ya wachezaji wa mpira. Niliambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba ninapoteza muda, na kwa majuma mawili nilikaribia kumwamini. Halafu siku moja kengele ya kumaliza ikalia na hakuna aliyeinuka.

Pamoja na daftari lipo kopo la biskuti lililotobolewa kifuniko, ambamo huingizwa maswali yasiyokuwa na jina. Haya ninayasoma kwa sauti mbele ya wote, na nimejifunza kutoyapanga kwanza kwa yale mepesi. "Rafiki yangu ni Muislamu na ni mwema kuliko mimi, Mungu anamwonaje?" "Nikisali sisikii chochote, hiyo ni dhambi?" "Kwa nini baba hulewa Jumamosi na Jumapili hubeba sahani ya sadaka?" Na moja ambalo nimelihifadhi ndani ya Biblia yangu: "Kama ningezaliwa nyumba ya pili ningekuwa Muislamu, basi imani hii ni yangu au ni ya nyumba?"

Swali hili la mwisho nililijibu vibaya mara ya kwanza. Nilizungumza kwa robo saa juu ya majaliwa ya Mungu, na nyuso zao zikafunga kama milango ya duka wakati wa sala. Jumamosi iliyofuata niliwaomba radhi, nikawasimulia badala yake habari zangu: kwamba mimi nami niliipokea imani kutoka kwa mama, kwamba nilipofikia miaka 19 mama alipougua nilikasirika na Mungu hata nikaacha kusali karibu mwaka mzima, na kwamba niliporudi sikurudi kwa sababu ya mama, kwani yeye alikwisha kufariki, nilirudi kwa sababu nilikuwa ninaikosa sauti ninayozungumza nayo. Niliwaambia kwamba niliipokea nyumbani, ndiyo, kama nilivyoipokea lugha, na kwamba palifika siku ambapo nililazimika kusema kwa lugha hiyo jambo langu mwenyewe. Hawakuuliza zaidi. Juma lile madaftari yalijaa.

Kuhusu kuwajibu marafiki wanaouliza habari za Utatu au za Msalaba sitasema mengi. Waraka wa kwanza wa Petro unataka tuwe tayari kujibu, na unataka tujibu kwa upole, na nimeona kwamba kijana anayejua anachokiamini hana haja ya kupandisha sauti barazani. Ugomvi huwajia wale ambao hawajui, na kwao ndiko ninakopeleka muda wangu.

Wazazi ndio wanaonipa kazi zaidi. Hofu yao ninaielewa: katika mahali tulipo wachache, kila kijana anayesitasita huonekana kama ukuta unaobomoka, na mzazi hutaka apaimarishwe haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla ya mvua. Mwaka huu kuna binti wa miaka 16 aliyenijia baada ya darasa akaniambia kwamba hataki jina lake lipelekwe kwa Askofu safari hii. Hakukataa imani. Alisema amesoma maneno ya ahadi atakayoyatamka, ameyasoma usiku kwa usiku, na bado hawezi kuyasema yote kwa ukweli, hasa yale ya kumgeukia Kristo kwa moyo wote, kwa kuwa kuna mtu mmoja katika jamaa yake ambaye hajaweza kumsamehe.

Mama yake alikuja kwangu akiwa na hasira na machozi. Nguo imeshakatwa, jamaa kutoka Pemba wameshaalikwa, na watu watasema nini. Nilimkaribisha chai tukakaa mpaka jua likazama. Nilimwambia kwamba miaka mingi nyuma nilipeleka kwa Askofu binti aliyeyasema maneno yote bila ya kukosea hata moja, na kwamba ningetoa kitu kikubwa ili binti yule angeniambia, kama alivyosema huyu wa kwako, kwamba bado. Hakukubaliana nami siku ile. Aliondoka akiniaga kwa adabu, na mlangoni akageuka kuniuliza kama mtoto ataruhusiwa kuendelea kuja. Nikamwambia nafasi yake ipo.

Orodha ya majina ilipelekwa Jumatatu. Ya mwaka juzi ilikuwa na jina moja refu kuliko mengine, kwa kuwa kijana wa dirishani alikuja siku ya mwisho akaniomba kalamu, akaongeza jina la uwanjani mbele ya lile la mtume, nami nililipeleka hivyo hivyo. Ya mwaka huu ina pengo kati ya nambari ya sita na ya nane. Binti mwenyewe huja kila Jumamosi, mapema kuliko wenzake, hutandika mikeka, na feni ikizimwa huchukua daftari lake akaenda kukaa karibu na mlango, kwenye upepo.